Mjane Asimame

Siku ya nne mlinzi wa mochari hakumruhusu Madeleine aingie. Alitoka mwenyewe hadi kwenye ngazi, pua imefungwa kitambaa, akavuta mlango nyuma yake.

"Courant ilienda tangu lundi," alisema, akionyesha taa ya mlangoni iliyokuwa imezimika tangu Jumatatu. "Kesho asubuyi mumutoshe, mama. Kama apana, bantu ba commune batamutia mu shimo ya bote."

"Tunangoya sanduku."

"Bote banangoya sanduku. Niko na bantu kumi na mbili mule ndani, na nafasi ni ya sita."

Alikuwa amemletea baba yake shuka jeupe na nusu mche wa sabuni. Mlinzi alivipokea vyote viwili, akainusa sabuni, akaitia mfukoni. Upepo uliposukuma mlango harufu ikatoka, na Madeleine akaziba pua kabla hajajua anafanya nini. Kisha akashusha mkono haraka, uso unamchoma. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, ndivyo wasemavyo. Lakini huyu alikuwa baba yake, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kutoka nyumbani bila kuoga na kunyoa ndevu.

Adjudant Constantin Kalasa alikufa Jumapili, kwa ugonjwa wa tumbo ambao daktari aliuandikia dawa tatu na hospitali haikuwa na hata moja. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Ofisi ya wanajeshi wa zamani ilikuwa na vitu vitatu kwa kila mstaafu anayekufa: jeneza, bendera na lori la kwenda makaburini. Pensheni yenyewe ilikuwa imeacha kufika miaka minne sasa, lakini jeneza, watu walisema, bado lipo. Seremala wa mtaani alitaka kulipwa kwanza. Madeleine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na katika mji wa Likasi mwaka 1995 mwalimu alilipwa na wazazi: unga, makaa, mara nyingine pole.

Basi walingoja jeneza la jeshi, na jeneza la jeshi lilingoja wasifu.

Huko kwao, kabla maiti haijatoka kwenda kuzikwa, mtoto wa marehemu husimama mbele ya watu akasoma maisha yake. Alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alioa nani, amewaacha nani. Kila anayetajwa husimama, ili watu wamwone na wajue ni nani wa kupewa pole. Mjane husimama wa kwanza. Akishasimama hivyo, hakuna atakayekuja kesho kumwambia hakuwa mke. Ofisi ya wanajeshi nayo ilikuwa imeijua nguvu ya desturi hiyo: ilimtuma mjumbe wake, na nakala ya wasifu ikishasomwa mbele ya watu, mjumbe huipiga muhuri ikaingia kwenye faili.

Mjumbe alikuwa ameshafika Madeleine aliporudi kutoka mochari. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti pekee chenye mto. Aliitwa Commandant Godefroid, mtu mnene, mpole wa sauti. Pembeni yake, kwenye stuli, alikaa Placide, mdogo wa marehemu, magoti yamebanwa kama mtu anayengoja kuitwa. Élise, mke mdogo wa marehemu, alikuwa kwenye mkeka na watoto wake wawili, Divin na Emmanuella. Hakuinua macho.

"Biographie iko wapi?" aliuliza Commandant.

Madeleine alimpa. Alikuwa ameiandika usiku uliopita nyuma ya karatasi za mtihani, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Commandant aliisoma taratibu, midomo ikicheza. Aliingia jeshini 1951. Alihudumu Luluabourg. Alijeruhiwa paja mwaka 1978. Alistaafu 1986. Madeleine alikuwa ameongeza mambo ambayo hayamo kwenye faili la mtu yeyote: kwamba alisuka nywele za binti yake wakati mkewe alipokuwa hospitali, vibaya, na akampeleka shuleni hivyo hivyo kwa fahari, kwamba mwaka wa uporaji, askari vijana walipobeba mafriji ya watu mabegani, yeye alikaa mlangoni akalia, kisha akakunja sare yake akaifungia sandukuni, kwa sababu majirani walikuwa wameanza kuitemea mate.

"Unipatie bic," alisema Commandant.

Alimpa aliyokuwa nayo, ile nyekundu ya kusahihishia madaftari.

"Hapa. Mwaka 1961, Luluabourg, alioa Gertrude Ngalula. Uyu ni nani?"

"Ni mama yangu, mon commandant."

"Ngalula. Ni jina ya wapi iyo?"

Commandant alijua. Kila mtu pale chumbani alijua.

"Ya Kasai," alisema Madeleine.

"Na eko wapi?"

"Alienda. Na treni ya 1993."

"Alienda." Commandant alitikisa kichwa kwa huruma. "Muntu mwenye hayuko, tutamuandika namna gani? Minye sina ubaya na bantu ba Kasai, mama. Minye mwenyewe dada yangu aliolewa na Mukasai. Lakini ile dossier ikifika kule juu na ile jina, itarudia. Ikirudia, hakuna sanduku, hakuna camion."

"Mado," Placide alimwambia Madeleine, "Commandant anatusaidia. Élise njo mwenye eko hapa. Élise njo mwenye alimulisha kaka, njo alimuosha."

"Baba mudogo, sikatai. Tumuandike Élise. Tubaandike bote babili."

"Formulaire iko na nafasi ya bibi moja," alisema Commandant. Akaupitisha mstari juu ya jina, mnyoofu, bila haraka, akaandika jina jingine juu yake. Madeleine aliangalia.

"Mon commandant. Mwaka."

"Nini na mwaka?"

"Umeacha 1961. Élise alizaliwa mu 1964."

"Tarehe ya ndoa iko mu registre na tampon tangu zamani. Tarehe siwezi kuigusa. Naweza paka jina tu." Alimrudishia bic. "Weye ni mwalimu, eh? Basi utasoma chenye kimeandikwa. Kesho saa ine camion itakuwa hapa."

Placide alimsindikiza hadi barabarani akiwa na kuku wawili wamefungwa miguu. Mkono mtupu haulambwi. Na hao kuku, Madeleine alielewa baadaye, walikuwa salamu tu. Pensheni ya mjane ikianza kutoka, kama itatoka, wanaume hao wawili walikuwa wameshajua nani atakula upande gani.

Élise alimfuata uani. "Mado, minye sikulomba ile mwaka," alisema. "Sikulomba kitu. Lakini aba batoto batakula nini?"

Madeleine angekuwa na raha zaidi kama angeweza kumchukia.

*

Mwaka 1992, mwezi wa tisa, vijana walipita avenue kwa avenue wakiwa na orodha ya watu wa kufukuzwa warudi Kasai, mkoa wa jirani. Bilulu, waliwaita watu wa Kasai: wadudu. Wengi wa hao wadudu walikuwa wamezaliwa Likasi na hawakuwahi kuona Kasai hata kwa picha. Mtoto ni wa baba, vijana walisema, kwa hiyo Madeleine hakuguswa. Mama yake alipewa mpaka adhuhuri.

Saa tano baba yake alifungua sanduku, akavaa sare. Madeleine alidhani atasimama mlangoni. Alijua bado ana bastola yake ya jeshini; alimsikia akiishika na kuirudisha. Kisha adjudant akainama, akabeba godoro la mkewe kichwani, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Aliona ni heri ampeleke mwenyewe, akiwa na nyota zake, kuliko apelekwe na fimbo. Walitembea katikati ya barabara mpaka stesheni, na watu walisimama kwenye milango yao kutazama. Hakuna aliyewapiga.

Watu maelfu walikaa pale stesheni miezi na miezi wakingoja treni, chini ya maturubai, wakizika watoto kando ya reli. Kila siku jioni baba yake alimpelekea mkewe bukari, ugali wa huko, kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Madeleine hakwenda. Mara ya kwanza alisema ana madaftari ya kusahihisha. Mara ya pili hakutafuta hata sababu. Aliogopa kuonekana. Shule yake ilikuwa ng'ambo ya stesheni, na kwa miezi yote hiyo alizunguka njia ndefu ya nyuma ya soko ili asipite pale. Baba yake hakumlaumu hata siku moja. Siku treni ilipoondoka alirudi na sufuria, akaiosha, akaikausha, akaiweka mahali pake. Mwaka huo huo alimchukua Élise, kwa sababu mwanamume hawezi kupika na kulia kwa wakati mmoja, ndivyo alivyosema, na hilo ndilo neno pekee alilowahi kulisema juu ya jambo lile.

Mpaka mwezi uliopita, tumbo lilipokuwa limeshamvimba. "Ita mama yako," alisema. Madeleine alikwenda kwenye phonie, ile redio ya maneno ya mbali, akapiga foleni nusu siku, akapiga kelele kwenye kipaza sauti ili mtu wa Mwene-Ditu, mji wa Kasai alikokuwa mama yake, asikie: "Baba anagonjwa. Ukuye."

*

Gertrude Ngalula alifika Alhamisi alfajiri, siku ya mazishi. Alikuwa amesafiri siku kumi na saba. Treni ililala njiani mara nyingi kuliko ilivyotembea. Madeleine alikuwa bombani anakinga maji alipomwona akiteremka barabara, mfuko mkononi, amekonda, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakuhitaji kuambiwa. Vilio vya wanawake vilikuwa vimeshamfikia tangu kona.

"Lini?" aliuliza.

"Dimanche, mama."

Walishikana. Mama yake alinuka moshi na chuma cha behewa. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akajifuta na pembe ya kitenge.

"Alisema nini?"

"Alisema, ita mama yako."

"Alisema ivyo? Mama yako?"

"Ivyo ivyo."

Gertrude alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehesabiwa chenji na kuikuta sawa. Halafu akauliza nani atasoma.

"Ni minye."

"Sikia, Mado. Sitaki nyumba. Sitaki ile franka yabo. Ule mutoto Élise abakie na byote, alimutunza. Minye nataka kitu moja. Balinitosha mu hii avenue saa sita ya muchana, bantu bote banaangalia. Nataka usome jina yangu, nisimame, bale bale bantu banione. Kiisha nitarudia kwetu. Utanisoma?"

"Nitakusoma, mama."

Alisema hivyo na karatasi ikiwa imeshakunjwa kwenye kitenge chake, mstari mwekundu umeshapita. Hakusema uongo, alijiambia. Jina lilikuwa bado linasomeka chini ya mstari. Nani angemzuia mbele ya watu mia? Angelisoma tu, kwa sauti, na jeneza lingekuwa limeshafika.

Uani wanawake walikuwa wanapika. Walimtambua wote, miaka mitatu si mingi. Mama Émérence, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimtazama mara moja kisha akainamia sufuria yake kubwa ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaikoroga kwa nguvu. Sufuria hiyo ilikuwa ya Gertrude. Gertrude aliiona, akaiacha ipite. Akaenda kuketi nyuma kabisa, kwenye mkeka wa majirani, akangoja.

*

Lori lilifika saa nne kamili na jeneza juu yake, maiti imeshalazwa ndani. Askari wanne walilishusha, wakaliweka juu ya viti viwili na kulifunika bendera. Hata hivyo harufu ilitambaa, na watu wa mbele wakajisogeza nyuma kwa adabu. Dereva hakuzima injini. Commandant Godefroid alikaa mezani na nakala yake, muhuri mkononi.

Madeleine alisoma. Sauti yake ilikuwa nzuri, sauti ya darasani, na watu walinyamaza. Alisoma kuzaliwa, alisoma jeshi. Aliposoma habari ya nywele zilizosukwa vibaya, watu walicheka, na wanawake wengine wakalia kwa sababu ya kucheka. Kalasa alikuwa mtu wa kupendwa. Kila mmoja pale alikuwa na kitu alichomtengenezea, mwavuli, redio, mguu wa kiti.

"Mwaka 1961," alisoma Madeleine, "akiwa Luluabourg..."

Nyuma kabisa, kwenye mkeka wa majirani, mama yake alianza kuinuka. Hakungoja jina. Alikuwa ameujua mwaka, ameujua mji. Aliweka mkono mmoja chini, akasukuma, akasimama, akanyoosha kitenge, akafunua kitambaa usoni.

Madeleine alimwona. Alikiona pia kidole cha Commandant, ambacho kilikuwa kimefuata mstari kwa mstari kwenye nakala, kikisimama. Commandant hakumtisha. Hakumtazama hata. Aligeuza shingo kidogo upande wa lori, akasema kwa sauti yake ya upole, "Chauffeur," na dereva akatia gia.

"...alioa," alisema Madeleine. Alifikiria mlango wa mochari, watu kumi na wawili na nafasi ya sita, na shimo la wote. "Alioa Élise."

Élise alisimama mbele, na Emmanuella mgongoni. Mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, aliyeolewa miaka thelathini na minne iliyopita. Watu mia na zaidi walisikia. Hakuna aliyecheka. Mchungaji alisema amina, na wengine wakaitikia amina.

Wanawake wawili walikuwa wamesimama kwa jina moja. Commandant aliinua kichwa.

"Mama, weye wa kule nyuma. Uko nani wa marehemu?"

Vichwa vyote viligeuka. Hao ndio wale wale bantu waliotazama kutoka milango yao. Gertrude hakumtazama Commandant. Alimtazama binti yake, akangoja. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na Madeleine angetoa kitu chochote ili iwepo. Lilikuwa neno moja tu, mama, neno la kwanza analojifunza kila mtoto.

Madeleine aliinamia karatasi. "Watoto," alisoma. "Madeleine. Divin. Emmanuella."

"Minye nilikuya kusaidia bamama mu jikoni," alisema Gertrude. Akashusha kitambaa chake, akapita pembeni ya watu, akaingia uani.

Commandant alitemea mate kidogo kwenye kidau cha wino kilichokuwa kimekauka, akagonga muhuri.

*

Lorini zilipanda familia zilizotajwa. Makaburini mvua ya kwanza ya Oktoba ilikuwa imelainisha udongo mwekundu, na kazi ilikwenda haraka. Askari walisimama mstari, wakapiga saluti. Wakaikunja bendera. Kisha wawili kati yao wakafungua jeneza, wakamwinua adjudant ndani ya shuka lake jeupe, mmoja mabegani, mmoja miguuni, wakamshusha shimoni hivyo, juu ya udongo. Jeneza tupu wakalirudisha kwenye lori.

"Munafanya nini?" aliuliza Madeleine. "Baba mudogo, banafanya nini?"

Placide alitazama viatu vyake.

"Sanduku ni ya service, mama," alisema Commandant. "Tuko nayo paka moja tu. Kuko mwengine wa Kakanda anaingoya saa nane."

Ndani ya shuka goti la baba yake lilionekana limekunjika. Madeleine alitaka mtu ashuke alinyooshe, lakini majembe yalikuwa yameshainuliwa. Udongo wa kwanza ulipoanguka haukugonga mbao. Haukutoa sauti yoyote.

Walirudi kwa miguu, lori lilikuwa limekwenda Kakanda. Mbele ya nyumba majirani walikuwa wameshaweka maji kwenye mlango wa ua, maana hakuna aingiaye kwenye nyumba ya matanga na mikono ya makaburini. Aliyekuwa ameshika kopo na beseni alikuwa Gertrude. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni kama wapishi wengine. Alipiga goti kwa kila aliyefika, kama afanyavyo mwanamke akimhudumia mgeni, akamimina.

Alimmiminia Commandant, aliyekuja kwa ajili ya chakula. "Aksanti, mama," alisema Commandant, akakung'uta vidole. Alimmiminia Placide, ambaye alinawa bila kuinua uso. Alimmiminia Élise, ambaye aliivuta mikono haraka hata maji yakawamwagikia wote wawili.

Kisha ikawa zamu ya Madeleine. Nyuma yake mstari wa watu ulikuwa mrefu, na wote walikuwa wanaangalia. Mama yake aliteka maji, akapiga goti, akainua kopo.

Madeleine akanyoosha mikono.